Sentimita Sitini na Nne

Haloo, naongea na meneja, bwana Chande?
Ni baba yake Somoe, wa Chikongola.
Ndiyo, yule yule aliyepiga jana. Na juzi.
Univumilie. Mimi ni mpima mizani
kwenye ghala la korosho, na kazi yangu
ni kurudia kupima mpaka mwenye mzigo aridhike.

Nilikuuliza geti lenu lina upana gani,
ukanijibu: "La kawaida tu, mzee."
Kawaida ya nani?
Kiti cha mwanangu ni sentimita sitini na nne,
sitini na sita ukihesabu vidole vyake
vinavyosukuma gurudumu.
Tafadhali, chukua futikamba.
Nasubiri. Salio ninalo.

(Simuni nasikia muziki, jenereta,
mtoto wa mtu anacheka mpaka kwikwi.)

Sitini. Sitini kamili?
Basi vidole vinabaki nje, kiti kinabaki nje,
na Somoe anabaki nje na karanga zake
akiwatazama wenzake usawa wa mikanda.

Hapana, usiniambie mtambeba.
Amebebwa vya kutosha:
ngazi za shule, ngazi za zahanati,
ngazi za ofisi ile, ghorofa ya pili,
inayoandikisha wasioweza kupanda ngazi.
Ana miaka kumi na mmoja. Ana haya zake.
Anayetaka kumshika amuulize kwanza.
Amuulize yeye, si mimi.

Na asiingie bure.
Bure ni neno tamu, ila ukishalipokea
huna tena mdomo wa kudai.
Nikatie tiketi mbili, ya mkubwa na ya mtoto,
halafu niache nidai njia kama mteja.

*

Jumamosi tulipitia geti la jenereta.
Lilikuwa pana. Mashine walishaifikiria.

Nilichosahau ni mchanga.
Mpima mizani mzima, mzaliwa wa Mtwara,
nasahau mchanga!
Magurudumu ya mbele yakazama
kama meno kwenye bibo.
Nikatandika magunia matupu niliyoazima ghalani;
yakajikunja, yakajisokota kwenye ekseli,
Somoe akasema, "Baba, umenifunga kama korosho."

Kijana wa tiketi, Nankanda, hakusema kitu.
Aling'oa mbao mbili za jukwaa la ngoma,
akazilaza mbele yetu,
tukapita, akaziokota nyuma, akazilaza mbele,
mita tatu, mita tatu tena,
watu wakipisha, wengine wakitugawia pole
ambazo hakuna aliyeziomba.

Kwenye bembea ya duara Chande akapiga goti.
Shati lake lilikuwa na grisi.
"Nikushike wapi?"
Somoe akafikiri kwanza.
"Hapa. Na hapa. Usinitekenye."

Mzunguko wa kwanza, kimya.
Wa pili, sauti yake ikanishukia kutoka juu,
juu ya nyaya, juu ya mabati ya vibanda:
"Baba, nishushe! Nishushe, naogopa!"

Watu wakanigeukia na macho ya tulikuambia.
Nami nimesimama, mkono mdomoni,
nazuia kicheko au kilio, sijui.
Miaka yote hii watu wanamwogopea.
Leo kaogopa mwenyewe,
hofu ya shilingi elfu mbili,
hofu aliyoipangia foleni.

Aliposhuka alikuwa ametapika kidogo kwenye kola.
Akajifuta kwa kiganja. Akatazama juu.
"Zimebaki tiketi ngapi?"

*

Jumapili usiku, simu ikaita.
"Mzee, samahani kwa saa hizi.
Fundi wa kuchomelea yuko hapa getini na taa.
Ulisema sitini na nne?"

Sitini na sita, nikamwambia.
Hesabu na vidole.